Mwaka Mmoja Tu Bila Rufaa

Roma ya karne ya 5 KK ilikuwa na sheria, ila hazikuandikwa mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kuzisoma. Zilikaa vichwani mwa makuhani, na makuhani walitoka kwenye koo za makabaila. Mkulima mwenye deni alifika barazani asijue kama siku hiyo kesi zinasikilizwa, wala aseme maneno gani ili shauri lake lipokelewe. Aliyekaa kitini kumwamua alijua yote hayo, naye alikuwa wa tabaka moja na mdai. Mwaka 462 KK, Gaius Terentilius Harsa, mmoja wa watetezi ambao umma uliwachagua wawakinge na ubabe wa viongozi, alitaka mamlaka ya wakuu wa dola yawekewe mipaka kwa maandishi. Makabaila waliupiga danadana mpango huo kwa takriban miaka 10.

Mwaka 451 KK pande mbili zikaafikiana. Watu 10 wangeteuliwa waandike sheria, na kwa mwaka huo mmoja wangeiongoza dola. Ili kazi isikwame, vyeo vingine vyote vingesimama, hata vya watetezi wa umma. Na uamuzi wa hao 10 usingekatiwa rufaa.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mnyonge wa Roma alikuwa na kinga mbili: mtetezi aliyeweza kuizuia amri ya kiongozi, na haki ya aliyehukumiwa kuulilia mkutano wa raia. Zote mbili ziliwekwa kando kwa hiari, kwa ajili ya jambo jema kabisa, na kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka huo ulikwenda vizuri mno. Livy, aliyeandika zaidi ya miaka 400 baadaye, anasimulia kwamba walinzi 12 wenye matita ya fimbo, alama ya mamlaka, walimfuata yule tu aliyekuwa zamu siku hiyo. Gaius Julius, mmoja wa wale 10, angeweza kumhukumu papo hapo kabaila ambaye maiti ilifukuliwa nyumbani kwake, na asiulizwe na mtu. Yeye akachagua kumshtaki mbele ya raia. Mabamba 10 ya sheria yakawekwa hadharani, watu wakaalikwa wayasome na kuyakosoa. Ukiitwa barazani, nenda; kama u mgonjwa au mzee, anayekuita akupatie mnyama wa kukubeba. Jua likizama, shauri limefungwa. Aliyekiri deni apewe siku 30 za kulipa. Kuvunja mfupa wa mtu huru, fidia ni sarafu 300. Wa mtumwa, 150. Nyingine zilikuwa za kikatili, maana aliyeshindwa kabisa kulipa aliweza kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber. Lakini sasa mdaiwa naye alijua kilichoandikwa.

Watu wakaingiwa na imani. Ikasemwa kwamba yamebaki mambo machache, kiasi cha mabamba mawili, kwa hiyo wachaguliwe 10 kwa mwaka mwingine. Appius Claudius, aliyekuwa kinara wa kundi la kwanza, akausimamia uchaguzi huo na kujitangaza mwenyewe mshindi pamoja na watu aliowataka. Siku ya kuanza kazi, walinzi walioingia barazani hawakuwa 12 bali 120, na ndani ya kila tita la fimbo lilifungwa shoka. Ndani ya mji shoka lilikuwa na maana moja: tunaweza kuua, na huna pa kukimbilia. Mwaka ukaisha. Hawakutoka.

Kilichowaangusha ni kesi ya msichana. Verginia alikuwa binti wa akida wa jeshi, Lucius Verginius, aliyekuwa vitani. Mchumba wake, Lucius Icilius, aliwahi kuwa mtetezi wa umma. Appius alimtamani Verginia, akakataliwa. Basi akamtumia mfuasi wake, Marcus Claudius, amkamate njiani na kudai kwamba ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwake, akaibwa utotoni. Shauri likapelekwa kwa Appius yuleyule.

Sheria ilikuwa wazi: mtu ambaye uhuru wake unabishaniwa ahesabiwe huru mpaka kesi iishe. Appius mwenyewe ndiye aliyeipitisha. Hakuifuta wala hakukana kwamba ipo. Alisema inamhusu anayejitegemea. Huyu yuko chini ya baba, na baba hayupo, kwa hiyo akae kwa mdai. Icilius na watu waliokuwepo wakapiga kelele hadi akaahirisha kwa siku moja, na usiku akatuma ujumbe kambini Verginius asipewe ruhusa. Ujumbe ulichelewa. Asubuhi baba akafika barazani amevaa nguo za matanga, na Appius akaamua kwamba binti ni mtumwa. Verginius akaomba azungumze naye pembeni, akamsogeza karibu na vibanda, akanyakua kisu cha muuza nyama na kumchoma.

Waandishi wa kale walimsifu baba huyo kwamba alimkomboa mwanawe kwa njia pekee iliyobaki. Mimi siwezi. Katika simulizi nzima ya Livy msichana hasemi neno hata moja. Wanaume wawili wanaamua awe nini, mmoja kwa hukumu na mwingine kwa kisu. Wanahistoria wengi wa leo wana shaka kama kisa kilitokea hivyo, lakini Warumi wenyewe walikihifadhi kama onyo.

Jeshi likaacha vita na kwenda kukaa kilimani nje ya mji, umma ukalifuata, na wale 10 wakajiuzulu. Mwaka 449 KK ikapitishwa sheria kwamba asiundwe tena kiongozi yeyote ambaye uamuzi wake haukatiwi rufaa, na atakayemuunda, mtu anaweza kumuua bila kuhesabiwa hatia. Tazama inamlenga nani. Haimtaji dhalimu, inamshika anayemtengenezea kiti. Warumi walikuwa wameitafakari kura yao ya 451 KK.

Appius aliposhtakiwa, alikata rufaa kwa raia, haki ileile aliyowanyima. Verginius, sasa mtetezi wa umma, hakumsikiliza, akaamuru afungwe. Akafa gerezani kabla ya siku ya kesi. Livy anasema alijiua. Najua ni vigumu kumwonea huruma mtu wa namna hiyo, ila rufaa ile alistahili kupewa. Aliyemnyima alikuwa na uchungu wa kweli, na bado alitenda alivyotenda Appius.

Sheria za Kirumi zilikusanywa na mfalme Justinian huko Konstantinopoli katika karne ya 6, zikailisha Sheria ya Kiraia ya Napoleon ya 1804, na kwa njia ya Wabelgiji zikafika Kongo, Rwanda na Burundi. Tanganyika ilirithi njia ya Waingereza. Lakini kishawishi cha Roma hakibagui mfumo. Mwaka 1962, nchi ikiwa changa na viongozi wakihofia usalama wake, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na kifungu kimoja kilisema amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama zikazuiwa kuzitumia hadi Machi 1988, ili serikali ipate muda wa kurekebisha sheria zake.

Agosti mwaka huohuo, mwanamke mmoja wa Kihaya wilayani Muleba, aliyekuwa anazeeka bila mtu wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mpwa wake akamshtaki, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Mwanamke akakata rufaa mahakama ya wilaya, akashinda. Mpwa naye akakata rufaa Mahakama Kuu kule Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya, akizitumia haki zile zilizokuwa zimefunguliwa miaka miwili tu kabla, akaamua kwamba mila hiyo inabagua, na mauzo ya shamba ni halali.