Mzigo na Furushi

Soma Wagalatia 6:2–10. Katika fungu la 2 Paulo anawaagiza waumini wachukuliane mizigo. Katika fungu la 5 anasema kila mtu atalichukua furushi lake. Je, anajipinga?

Katika Kiyunani alitumia maneno mawili. Baros, katika fungu la 2, ni uzito unaomwelemea mtu. Phortion, katika fungu la 5, ni shehena ambayo kila mtu hubeba mwenyewe. Nyumbani kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi, yote mawili huonekana.

Mtu huyo huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa juma, takribani saa 4 kila mara. Mashine haimponyi. Hufanya sehemu tu ya kazi ya figo, hivyo ni lazima arudi juma lijalo, na lile litakalofuata, maisha yake yote, isipokuwa apate figo ya kupandikizwa.

Mfikirie fundi cherehani, mama wa watoto watatu, anayeishi mbali na hospitali yenye mashine. Siku tatu za juma zimekwenda, na jioni hana nguvu ya kukanyaga cherehani. Wateja wanahamia kwingine. Mumewe anaacha kibarua ili amsindikize. Maji ya kunywa anayapima kwa kikombe. Zamu yake ikiangukia Jumamosi, nafasi yake kanisani inabaki wazi, na wengine wananong'ona kwamba amerudi nyuma. Wamesahau kwamba Yesu alimponya siku ya Sabato mtu aliyeugua miaka 38, asiye na wa kumtia birikani (Yohana 5:1–9).

Kanisa linajua kuchanga. Msiba ukitokea, daftari hupitishwa na fedha hupatikana. Lakini msiba una siku ya kuzika. Ugonjwa huu hauna. Mchango wa kwanza hutolewa kwa machozi, wa pili kwa wajibu, wa tatu kwa manung'uniko. Hakuna aliyekusudia kumwacha mgonjwa. Kila mmoja amechoka kidogo. Naye huona. Huanza kuruka zamu, akidai amepata nafuu, ingawa kuruka zamu kunahatarisha uhai wake.

Paulo aliagiza mzigo uchukuliwe. Hakumwita mtu yeyote mzigo. Mgonjwa ana furushi lake: kufuata masharti ya chakula na kusema kweli kuhusu hali yake. Uzito uliobaki ni wa wote. Kanisa dogo haliwezi kulipia matibabu ya miaka mingi, wala Mungu halidai lisichokuwa nacho. Lakini familia moja inaweza kutoa nauli ya Jumanne, nyingine kupika Alhamisi, na nyingine kumtembelea Sabato jioni na kujifunza naye lesoni. Fungu la 9 linaonya juu ya kuchoka katika kutenda mema. Mtu mmoja akiachiwa wema wote, atachoka. Ukigawanywa kwa zamu, utadumu. Mashine ina ratiba yake. Upendo nao uwe na yake.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni rahisi kuchangia mazishi kuliko matibabu yasiyo na mwisho?

2. Ni nani katika kanisa lenu ambaye nafasi yake imebaki wazi kwa sababu ya ugonjwa? Kabla darasa halijafungwa, amueni nani ataanza kwenda, na siku gani.