Dhati ya Kisanduku Kisicho na Mwili

Je, kitu ni jumla ya sifa zake, au nyuma ya sifa ipo dhati? Wanachuoni wa Kiislamu walibishana juu ya hili walipozungumzia sifa za Mungu: Muutazila walikana kuwa sifa ni za ziada juu ya dhati, wafuasi wa al-Ash'ari wakazithibitisha. Habari ya Muumba nawaachia wenye elimu yake. Kwa vitu vilivyoundwa na mikono yetu, naona ushahidi mzuri katika VMS, mfumo endeshi uliotolewa na kampuni ya Digital ya Marekani miaka ya 1970. Humo programu hupelekeana ujumbe kupitia kisanduku ambacho hakina chuma wala waya, ila mfumo hukihesabu kuwa kifaa, sawa na diski. Programu ikiuliza sifa zake kwa huduma ya GETDVI, hujibiwa: kifaa hiki ni cha jamii ya visanduku, ujumbe wake hauzidi ukubwa fulani, na sasa jumbe kadhaa zinasubiri. Visanduku viwili vyaweza kutoa majibu yaleyale, na bado ujumbe uliotiwa katika kimoja hausomeki katika kingine. Basi sifa pekee hazitoshi.

Atakayesema kwamba namba ambayo mfumo hukipa kila kisanduku ndiyo inayovitofautisha, azingatie kuwa kisanduku kikishafutwa, namba yake yaweza baadaye kupewa kingine; namba ni ileile, kisanduku sicho. Atakayesema dhati yake ni kumbukumbu ya kompyuta, ajue kuwa kisanduku hutoweka na kumbukumbu ikabaki, ikatumika kwa kazi nyingine. Mimi naona dhati yake ni uhusiano. Kisanduku cha muda huishi maadamu ipo programu iliyoshikamana nacho. Ya mwisho ikijitoa, nacho hutoweka. Lipo pingamizi la kweli: kisanduku cha kudumu hubaki hata kisipokuwa na mtu. Lakini hubaki kwa sababu aliyepewa idhini ameagiza kiwepo kwa ajili ya watakaokuja. Na hata agizo la kukifuta likitolewa, hakifutwi mpaka wa mwisho aliyekishika aachie. Uhusiano unaongojewa nao ni uhusiano.

Kwa hiyo kuuliza sifa ni haki, maana bila majibu hayo hatujui kisanduku ni kifaa cha aina gani na kinabeba kiasi gani. Kosa ni kudhani majibu yamekimaliza kitu. Dhati yake hujulikana kwa kuuliza pia: nani ameshikamana nacho?