Mkaguzi na Zawadi

Sheria ya Kutoka 23:8 yakataza rushwa kwa kuwa humtia upofu hata mwenye macho mazima.

Huko Marekani ofisi moja ya serikali, Minerals Management Service, ilikusanya fedha za mafuta ya baharini, na hiyo hiyo ikakagua visima. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba wakaguzi wake wa Lake Charles, Louisiana, walikuwa wamepokea toka kwa makampuni tiketi za michezo, vyakula, na safari za kuwinda. Mmoja alikagua mitambo ya kampuni huku akiiomba kazi. (Sisi walimu twamjua mkaguzi aliyekwisha kula kuku wa mwalimu mkuu!)

Sisemi tiketi hizo ndizo zilizolipua mtambo wa Deepwater Horizon tarehe 20 Aprili 2010. Lakini watu 11 waliokufa pale walistahili serikali isiyo na deni kwa mwenye kisima. Mafuta yalimwagika siku 87. Kufikia mwaka 2011 kazi zile mbili zilikuwa zimetenganishwa.

Nasi karibuni tutachagua wakaguzi wa hesabu za kanisa. Tusiwapelekee hata soda kabla hawajafunga daftari.