Mwenyeji wa Nani?

Kila Desemba, Krismasi ikikaribia, barabara inayopanda kutoka Mwanga mjini kwenda Usangi na Ugweno hujaa magari yaliyotoka Dar es Salaam na Arusha. Watu wanarudi nyumbani. Kuna wanaokuja kuozesha, kuna wanaokuja kujenga kaburi la baba, na wengi wanakuja tu kwa sababu mwaka umekwisha na mama anasubiri. Miaka ya karibuni limeongezeka kundi ambalo nalifurahia na kuliogopea kwa pamoja: waliozaliwa mjini, wenye magari imara na simu nzuri, wanaokuja na marafiki ili wawaonyeshe "kwetu". Nawafurahia kwa kuwa milima hii ya Upare inastahili kuonwa. Hofu yangu inatokana na kisa hiki, ambacho majina ya wahusika wake nitayaacha.

Mhusika mkuu ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari, baba wa watoto wawili. Baba yake alitoka Ugweno, yeye akazaliwa na kukulia Dar es Salaam. Kazi imemfikisha Guangzhou, Dubai na Istanbul. Alipofika Guangzhou mara ya kwanza, alimlipa Mtanzania aliyekuwa akisoma huko amtembeze sokoni na kumtafsiria. Istanbul alikuwa akimuuliza mhudumu wa hoteli mtaa gani si wa kupita usiku. Huko kote hakuona haya kuuliza, na ndiyo maana alirudi salama, mzigo wake ukiwa kamili.

Desemba hiyo alipanda Ugweno na mkewe, watoto, na wafanyakazi wenzake wawili ambao hawakuwahi kufika Kilimanjaro. Walifikia kwa baba yake mdogo, nyumba iliyo upande wa mashariki wa milima, mahali ambapo asubuhi kukiwa kweupe unauona Kilimanjaro kaskazini, na ukitazama chini unaona uwanda mkavu wa kahawia, kisha utepe wa maji unaong'aa, kisha nyika ya Tsavo upande wa Kenya. Utepe huo ni Ziwa Jipe. Mgeni mmoja aliuliza kama kuna namna ya kufika pale. Mfanyabiashara wetu akasema bila kusita: kesho.

Baba mdogo alikuwa amekaa na bakuli lake la makande. Alisema taratibu, "Mwanangu, bondeni kumenyesha siku mbili. Sisi huku tumeona radi tu, lakini chini udongo umelowa. Mkitaka kwenda, ondokeni alfajiri. Mkifika njia panda ya Kifaru msipite tu. Simameni, muwaulizie vijana wanaoleta samaki kutoka ziwani, mmoja apande nanyi garini."

"Usijali, baba mdogo. Mimi nimeendesha gari kutoka Dubai mpaka Muscat. Na hapa si ugenini, hapa ni kwetu."

Mzee hakuongeza neno. Wazee wa huku husema jambo mara moja. Na neno la mvua hawalisemi kwa kupoteza muda: Novemba 2009, katika Kijiji cha Goha, Mamba Miamba wilayani Same, mlima uliporomoka na kufunika nyumba, watu zaidi ya 20 wakafa. Mtu aliyekulia kwenye miteremko hii anasikiliza mvua hata inayonyesha mbali na kwake.

Kwa miguu, wenyeji hushuka moja kwa moja kutoka Ugweno hadi uwandani. Gari inabidi literemke kwanza upande wa magharibi mpaka barabara kuu ya Moshi na Same, lichepuke Kifaru, kisha lizunguke ncha ya kaskazini ya milima. Kesho yake, kwa salamu za majirani na chai iliyochelewa, waliondoka jua likiwa limeshapanda. Walipofika Kifaru ilikuwa mchana. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini walisogea, mmoja akauliza, "Mnaenda ziwani, kaka? Niwapeleke?" Kaka alionyesha simu yake, akawashukuru, akakanyaga mafuta.

Hapa ndipo panapofaa kulielewa ziwa lenyewe, kwa sababu simu haikudanganya kwa makusudi. Jipe si ziwa la kina kirefu, ni la mita chache tu. Mto Lumi unaoshuka kutoka Kilimanjaro huliingizia maji pamoja na tope, na Mto Ruvu huyatoa maji hayo kuyapeleka Nyumba ya Mungu, na hatimaye kwenye Mto Pangani. Tope likijazana, mimea ya majini hupata pa kushika mizizi. Kilimo cha kwenye miteremko na mifugo inayotifua ardhi ya uwandani huongeza udongo mwingine kila mvua ikinyesha. Kwa miaka mingi sasa magugu marefu kuliko mtu yamekuwa yakiyasonga maji ya wazi kuelekea katikati, na mvuvi anayetaka kutoka na mtumbwi wake hupita kwenye vichochoro vilivyofunguliwa kati ya magugu, akisukuma kwa pondo. Njia iliyoishia ufukweni zamani, leo yaweza kuishia kwenye ukuta wa magugu. Ramani ya simu inabaki na mstari wake. Anayejua njia ipi inafika majini mwaka huu ni aliyepita juzi na baiskeli yenye kapu la perege.

Mstari waliofuata ulikuwa njia ya ng'ombe ya kiangazi. Ulikwenda vizuri kwa muda, mchanga mgumu na vichaka vya miiba, kisha ukaingia kwenye udongo mweusi. Mwenye kuujua udongo huo haendi hata hatua moja mbele ukiwa umelowa; huonekana mkavu juu, na chini ni ulimbo. Gari lilizama magurudumu ya mbele, dereva akaongeza mafuta, likazama na ya nyuma. Walikata matawi, wakachimba kwa mikono na kwa kifuniko cha sufuria. Simu zao zilikuwa zimeanza kukamata mtandao wa Kenya na kukataa kupiga. Maji ya kunywa yalikuwa chupa mbili, kwa sababu wakienda ziwani walidhani hawahitaji zaidi.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mmoja wa wageni, akiona watoto wana kiu na akiona kitu kinang'aa mbele, alisema ziwa li karibu, atakwenda kuchota na huenda akakuta wavuvi. Aliingia kwenye magugu. Baada ya muda mfupi hakuonekana, na akiita sauti yake ilitoka upande usiotarajiwa. Ziwa hilo lina viboko na mamba. Viboko hushinda majini mchana, jua likizama hutoka kwenda malishoni kwa njia zao walizozilaza kwa miili yao, na ni rahisi mtu kuidhani njia ya kiboko kuwa njia ya watu. Tembo nao huja kunywa kutoka Tsavo, hawajui mpaka uliopita katikati ya maji.

Aliyewaokoa wote hao ni mtoto wa kike wa miaka kumi na kitu, binti wa mfanyabiashara, aliyesikia kengele ya baiskeli na kupiga kelele kabla wakubwa hawajageuka. Alikuja mvuvi wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini. Binti akamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akatazama gari, akatazama anga, akauliza walikotoka.

"Sisi ni wenyeji," alisema baba mtu.

"Wenyeji wa nani?"

Akataja jina la ukoo. Mvuvi akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila jina hilo limejaa milima yote, kuanzia Ugweno mpaka Usangi na kuvuka hadi Same. Akauliza tena: wa upande gani, babu yenu aliitwaje, nyumba yenu iko karibu na nani? Kwa Mpare haya si maswali ya kumchunguza mtu. Ndivyo anavyotafuta mlango wa kukupokelea: mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, basi shangazi yako aliolewa kwetu, kaa hapa. Mtu aliyetoka Guangzhou salama hakujua jina la babu yake zaidi ya lile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Alisimama mbele ya watoto wake, tope hadi mapajani, asiwe na la kujibu.

Mvuvi hakumdhalilisha. Alikwenda kijijini, akarudi na wenzake wanne na tochi. Wawili waliingia kwenye magugu wakiita na kugonga madebe, na saa mbili usiku walimtoa yule mgeni, amekatwa mikono na majani, hana kiatu kimoja, akiwa amesimama kimya kwa woga kwenye njia ya kiboko. Familia ililala kwenye nyumba ya bati kijijini, mbu tele, vyandarua viwili wamepewa watoto. Asubuhi gari lilivutwa kwa ng'ombe wa plau. Maji ya wazi ya Jipe hakuna aliyeyaona, maana watoto walikuwa wamechoka na wakubwa hawakutaka kusikia tena habari ya ziwa. Wiki mbili baadaye, wakiwa Dar es Salaam, mama yao alilazwa kwa malaria.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi, na linaloniuma si gari wala tope, bali kule kukataa kuuliza. Karl Klaus von der Decken, baroni wa Kijerumani, alipita Jipe mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton wa Uingereza katika safari yao ya Kilimanjaro, na msafara wao ulitegemea watu waliozijua njia na visima. Tangu miaka ya 1990, wazungu wanaokuja Usangi na Mbaga chini ya utalii wa utamaduni hukabidhiwa kijana wa kijijini, na hawapandi Mlima Kindoroko bila yeye. Wanamlipa, wanamsikiliza akiwaambia msitu huu ni mshitu wa jando, hatuingii, na wanapita pembeni kwa heshima. Mgeni hulindwa na kule kujijua kwamba ni mgeni. Sisi tuliozaliwa mbali tunakuja na jina la ukoo tukidhani ni ujuzi. Tumeambiwa mcheza kwao hutunzwa, tukasahau kwamba anayetunzwa ni yule ambaye watazamaji wanamjua. Aibu ya kuuliza njia kwenye milima ya babu yako ni nzito kuliko ya kuuliza Istanbul, naielewa, lakini ndiyo aibu itakayotuzamisha, na watoto wetu wamekaa kiti cha nyuma.

Na nawaonea huruma hasa watoto. Wangeenda kiangazi, Julai au Agosti, na kijana wa Kifaru garini, wangesukumwa kwa pondo kwenye kichochoro kile mpaka magugu yakafunguka ghafla, milima ya kwao upande mmoja na Tsavo upande mwingine. Wangekula perege aliyekaangwa palepale. Wangeambiwa kwamba maji wanayoyagusa yalikuwa theluji na mvua ya Kilimanjaro, na kwamba yatapita Nyumba ya Mungu hadi baharini Pangani. Sasa wakitajiwa Jipe wanakumbuka usiku ule.

Waliporudi Ugweno kutoka bondeni, baba mdogo hakuuliza habari ya gari. Aliwatazama watoto kwanza, akaagiza maji ya moto. Kisha akauliza waliowavuta ni akina nani, awapelekee mikungu ya ndizi. Mfanyabiashara akamtazama mkewe, mkewe akawatazama wageni. Walikuwa wamelala kwa watu wale, wamekula kwao, wametoa noti na kushukuru sana, na hawakuwa wameuliza jina la hata mmoja. Mzee alimwita kijana wa bodaboda, akampa ndizi na nauli ya kuteremka, na maneno matatu ya kumsalimia mwenyekiti wa kitongoji. Jioni kijana alirudi na majina yote matano, na salamu: mvuvi yule mama yake alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, na alikuwa anauliza kama mgeni aliyepotea maguguni ameshapata viatu.