Ndagala na Amri ya Saba



Ninyi mnaokaa kando ya ziwa Tanganyika, tangu Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, mwamjua ndagala tangu utoto wenu. Ni samaki mdogo kama kidole, mweupe kama feza. Jamaa zake wa mbali hukaa mitoni, na mahali mito inapoingia baharini, maji matamu yakichanganyika na maji ya chumvi. Mchana ndagala hushuka kilindini. Usiku hupanda, makundi kwa makundi, akifuata vijidudu anavyokula. Ndiyo sababu wavuvi humvuta kwa taa, usiku usio na mwezi.

Ni mdogo, lakini amelisha wengi. Mama asiyeweza kununua nyama hununua fungu la ndagala, akaliweka kando ya bugali, na watoto wake wakalala wameshiba.

Tuulize basi: Ndagala ni mali ya nani? Hakuna mtu aliyelima ziwa wala kupanda samaki. Ni mali ya Mungu, naye ametupa sisi sote, watu wa leo na watu wa kesho. Amri ya saba yatukataza kuiba. Wengi hufikiri mwizi ni yule tu avunjaye nyumba usiku. Lakini mtu akokotaye chandarua ukingoni, akakusanya watoto wa ndagala kabla hawajazaa, naye amechukua kisicho chake: chakula cha jirani, na chakula cha mtoto asiyezaliwa bado.

Ndagala huishi mwaka mmoja hivi tu, tena hukua upesi na kuzaa upesi. Akiachiwa muda mfupi, hurudisha mengi. Kati ya mwaka 1958 na 1960 watoto wa samaki hawa walichukuliwa kutoka Tanganyika wakatiwa katika ziwa Kivu. Jamii moja yao ilishika mahali, ikaongezeka, na leo watu wa Bukavu na Goma hula sambaza. Tazameni matunda ya watoto wa samaki walioachwa hai!

Kwa sababu hiyo, mwaka 2024, nchi zinazozunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu kwetu ni robo ya mwaka. Kwa ndagala ni karibu robo ya uhai wake.

Mtasema: «Miezi mitatu bila feza, watoto watakula nini?» Neno hilo ni la kweli, nalo lawadai wenye akiba. Mwenye duka anayempandishia mvuvi bei ya unga wakati wa njaa, asijidhani kuwa mwenye haki kwa sababu hakutia wavu majini. Mzigo wa ziwa ni mzigo wetu sote.

Mtasema tena: «Nikiacha mimi, mwenzangu atavua.» Mtazameni ndagala mwenyewe. Akitengwa na kundi, samaki wakubwa humla mara moja. Akiwa kundini, ni vigumu kumkamata. Vivyo hivyo sheria: ikishikwa na mtu mmoja ni zaifu, ikishikwa na kijiji chote ina nguvu.

Bwana wetu Yesu Kristu alishibisha makutano kwa mikate mitano na samaki wawili wadogo. Halafu aliwaamuru mitume kukusanya mabaki, kisipotee kitu, wakajaza vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha samaki hakukubali chakula kiharibike. Sisi tusioweza kuumba hata ndagala mmoja, tutathubutuje kuharibu?

Basi, juma hili, kila mvuvi atazame matundu ya wavu wake kabla ya kwenda kitubio. Na kila mwenye ghala atazame mlango wa jirani yake. Mungu atujalie neema ya kushika amri yake kwa moyo wote. Amina.