Bei ya Gari la Fahari Iende Wapi?

Mtu akisimama Shangani, pwani ya Mtwara, upepo wa bahari humpiga usoni akaonja chumvi midomoni. Chumvi hiyo ni adui wa kila chuma. Baiskeli ya mkulima, bati la nyumba, mlango wa lori linaloshusha magunia ya korosho bandarini, vyote huliwa kimya kimya, usiku na mchana. Kwa hiyo watu wa Mtwara hawahitaji mwalimu mkubwa wa kuwaeleza Bwana wetu alikuwa na maana gani alipotuonya juu ya hazina zinazoliwa na nondo na kutu.

Basi ni ajabu kwetu kusikia habari za gari la fahari lenye umri wa miaka sitini, la wazi, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, ambalo hung'aa kama lilitoka kiwandani jana, nalo linauzwa kwa wakusanyaji wa magari ya kale. Gari hilo halikupona lenyewe. Fundi alilifungua lote, akang'oa injini, akakata bati lililooza, akachomelea jipya, akapiga msasa, akapaka rangi tabaka kwa tabaka. Viti alivishona upya kwa ngozi. Tena mkusanyaji ni mnunuzi mwenye jicho kali: huuliza kama injini ni ile ile ya asili, na husoma namba yake kwa makini. Kazi ya namna hii yaweza kuchukua miaka.

Mambo haya si ya Ulaya na Marekani tu. Huko Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanyika mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, na ya kale yamo. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limewekwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Julius Nyerere. Wahenga wetu nao walikwisha kusema: ya kale ni dhahabu.

Je, ni dhambi kupenda kitu cha namna hiyo, na kukinunua kwa fedha nyingi? Tusikimbilie kujibu. Tukumbuke kwanza habari ya Bethania katika Injili ya Mtakatifu Yohane. Maria alichukua marhamu ya nardo safi, akampaka Yesu miguu, na nyumba nzima ikajaa harufu. Yuda Iskarioti akanung'unika: kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300, wakapewa maskini? Fedha hizo zilikaribia mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Maneno yake yalikuwa mazuri, lakini mwinjili anatufunulia kwamba hakuwajali maskini. Alikuwa mwizi, naye ndiye aliyeshika mfuko. Bwana akampokea mwanamke na marhamu yake.

Hapo tunajifunza mawili. La kwanza, tusiwe wepesi wa kupiga hesabu ya mali ya mwenzetu huku mkono wetu umo mfukoni. Fundi anayeokoa kitu kilichotupwa anafanya kazi ya heshima, na uzuri wenyewe ni zawadi ya Mwenyezi Mungu. La pili, marhamu ile ilimwagwa. Haikufungiwa kabatini ili wageni waitazame na kumsifu mwenyewe. Kitu cha thamani kinapotolewa, nyumba nzima hunukia. Kinapofichwa, hata mwenyewe hapati harufu yake.

Mfano wa jambo hili tunao katika gari lenyewe. Mwezi wa Desemba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI alikwenda Bombay, nchini India, kwa ajili ya Kongamano la Ekaristi Takatifu. Alitumia huko gari jeupe la fahari, aina ya Lincoln Continental, lililotoka Marekani. Siku za ziara zilipokwisha hakulipeleka Roma. Alimpa Mama Teresa wa Calcutta. Naye Mama Teresa hakuliweka kwa ajili ya safari zake. Alilifanya zawadi ya bahati nasibu, watu wakanunua tikiti, na fedha zilizopatikana zikasaidia kujenga Shantinagar, kijiji cha wakoma katika Bengal. Watu wa kusini wanaelewa uzito wa jambo hilo, kwa sababu wamewaona masista Wabenediktini wa Ndanda wakiosha na kufunga vidonda vya wakoma kwa miaka mingi. Gari moja likageuka nyumba za watu waliokimbiwa na jamaa zao. Kanisa limewatangaza wote wawili kuwa watakatifu, Mama Teresa mwaka 2016 na Paulo VI mwaka 2018.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alifuata nyayo hizo. Mwezi wa Novemba 2017 alizawadiwa gari jipya la Lamborghini. Alilitia sahihi yake, likapelekwa mnadani, na mwezi wa Mei 2018 likauzwa kwa Euro 715,000. Fedha hizo alizipangia kazi hata kabla ya mnada: kujenga upya nyumba za Wakristu wa Ninawi nchini Irak, kuwasaidia wanawake waliouzwa kama bidhaa, na kuvisaidia vyama viwili vinavyowahudumia hasa wanawake na watoto katika Afrika. Hata kampuni ya Mercedes-Benz, mwaka 2022, iliuza gari lake la mwaka 1955 kwa Euro milioni 135, ikasema kwamba fedha hizo zitawasomesha vijana.

Turudi Mtwara. Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Matrekta yakaliwa na kutu, na baadaye reli ikang'olewa. Kilichobaki ni bandari, ambayo hata leo inasafirisha korosho za wakulima. Katika fedha zote zile, iliyodumu ni ile iliyoendelea kuwatumikia watu.

Lakini sisi hatuna Lincoln wala Lamborghini. Tunayo mashine ya kushonea, mashua, pikipiki iliyonunuliwa msimu wa korosho, shamba la marehemu baba. Navyo huuzwa. Ni mara ngapi tumeona kitu kizuri kikiuzwa, na baada ya mwezi mmoja hakuna ajuaye fedha zilikokwenda? Mume ameuza bila kumwambia mkewe. Ndugu wamegawana urithi, na mama mjane amebaki bila paa. Kizuri chajiuza, wasema wahenga. Bei yake, hata hivyo, haijipeleki yenyewe mahali pema. Ni lazima ipelekwe.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na vijana jambo moja jepesi. Kabla ya kuuza kitu chochote cha thamani, kaeni pamoja, mseme waziwazi bei yake itakwenda wapi: kiasi gani ni ada ya mtoto, kiasi gani ni dawa ya bibi, na kiasi gani ni cha maskini aliye jirani yenu. Liandikeni jambo hilo kabla mnunuzi hajabisha hodi, maana fedha ikishatua mkononi hupata ulimi wake yenyewe. Nasi tumwombe Mungu atujalie moyo wa yule mwanamke wa Bethania, ambaye hakuogopa kuvunja chupa yake.