Lia Naye, Lakini Amua kwa Haki

Somo: Nehemia 5:1-15

Kati yetu kuna wengi wanaosimamia wafanyakazi: viwanda vya chai kule Kebirigo na Ogembo, shule, hospitali, maduka ya hapa Kisii mjini. Neno la leo ni lenu.

Nehemia alikuwa gavana. Watu walimjia wakilia: mashamba yamewekwa rehani, watoto wameingia utumwani kwa sababu ya madeni. Alikasirika sana. Hakujifanya jiwe. Lakini kabla ya kufungua mdomo, alishauriana kwanza na moyo wake. Ndipo akawakabili wakubwa, na mashamba yakarudishwa. Hasira ilimwamsha, haikumwongoza.

Sasa twende kazini. Mfanyakazi amekosa siku tatu. Unamwita, anaanza kulia: mtoto amelazwa. Hapo kuna mashimo mawili. La kwanza ni kuwaka: "Toka, kazi imeisha!" La pili ni kumwandikia kwenye rejista kwamba alikuwepo. Ndugu, hiyo si huruma, huo ni uongo. Na mwenzake aliyebeba kazi yake siku hizo tatu anaona. Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini katika hukumu, vile vile inavyokataza kumpendelea mkubwa.

Basi ufanye nini? Mkalishe, msikilize mpaka amalize. Kama moyo umechemka, sema, "Tuonane kesho asubuhi," uende ukaombe. Kisha fuata haki. Hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumfuta mtu kwa makosa, umweleze sababu kwa lugha anayoelewa, mwenzake akiwepo kama anataka, na usikilize majibu yake. Kama ana siku za likizo, mpe. Kama zimeisha, mwambie ukweli bila kumdharau. Halafu ukitaka kumsaidia, toa mfukoni mwako, si kwenye rejista ya kampuni.

Nehemia alifanya hivyo. Miaka 12 hakula posho ya ugavana, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Huruma ya kweli humgharimu anayeitoa, haimtwiki mwingine.

Mpendwa, pengine Jumatatu kuna mtu atakaa mbele ya meza yako, na faili yake iko hapo. Omba kabla hujaifungua. Mungu akupe moyo unaosikia na mkono ulionyooka. Amina.